Kuchukua sampuli ya maziwa: kutoka dumu la mfugaji hadi tanki la kiwanda

Maziwa yakifika kituoni, kupokelewa au kurudishwa kwake huamuliwa na chupa moja ya mililita 50. Pale wanapolipa kwa kiwango cha mafuta, hata bei imo ndani ya chupa hiyo hiyo. Ikiwa yaliyomo kwenye chupa hayafanani na yaliyomo kwenye dumu, maabara haina dawa ya kosa hilo: mashine itapima kwa usahihi kabisa maziwa ambayo si ya mfugaji yule. Kosa la kipimo unaweza kulirudia ukalisahihisha. Kosa la sampuli hulioni tena, kwa sababu maziwa yenyewe yameshamiminwa kwenye tanki pamoja na ya wenzake.

Tunawaandikia wapokeaji wa maziwa katika vituo vya Unguja na Pemba, wasindikaji wadogo wa mtindi, na vijana wa maabara kwenye viwanda, kuanzia cha chumba kimoja hadi kikubwa kama kile cha Fumba, Unguja. Hatua nyingi ni zile zile popote duniani. Tofauti yetu ni joto, na ni madumu.

Kwa nini maziwa hayakai sawa

Mafuta ya maziwa yamo katika vitone vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Mililita moja ya mafuta hayo ina uzito wa gramu 0.93 hivi, na mililita moja ya maziwa yasiyo na mafuta ni kama gramu 1.035. Chepesi hupanda juu ya kizito, basi vitone vinaanza kupanda mara tu maziwa yanapotulia. Baada ya saa moja ya kutulia tayari juu na chini havilingani, hata kama huoni kitu. Yakilala usiku kucha, malai yanaonekana wazi. Anayechota juu juu anampa mfugaji mafuta asiyokuwa nayo, na anayefungulia bomba la chini anamdhulumu.

Tofauti nyingine zinaanzia bandani. Maziwa ya mwanzo wa kukamua huwa na mafuta asilimia 1 au 2 tu, na ya mwisho hupita asilimia 5, wakati mwingine hata kukaribia 10. Ndama akinyonyeshwa mwishoni, yale mazito yamekwenda naye. Maziwa ya jioni kwa kawaida ni machache na yana mafuta mengi kuliko ya asubuhi, kwa sababu muda kati ya asubuhi na jioni ni mfupi kuliko wa usiku. Kwa hiyo ukitaka kujua maziwa ya ng'ombe mmoja, kamua yote, yachanganye, ndipo uchote. Kukinga chupa chini ya chuchu hakukupi maziwa ya ng'ombe yule. Kunakupa maziwa ya dakika ile.

Vifaa

Kichanganyio cha keni (chombo kirefu cha chuma cha kubebea maziwa) ni sahani ya duara ya chuma cha pua, upana wa sentimita 15 hivi, yenye matundu sita, imefungwa kwenye mpini mrefu kuliko kina cha keni. Fundi wa kuchomelea anaweza kukitengeneza, lakini mwambie asage maungio yawe laini. Pale penye ufa wa kuchomelea maziwa huganda, na bakteria hawatoki hata ukisugua.

Upawa wa kuchotea nao uwe wa chuma cha pua, ujazo wa mililita 50 au zaidi, na mpini unaofika katikati ya maziwa bila mkono wako kuingia. Kata ya kifuu ibaki mtungini kwa maji: kifuu na mti hunyonya maziwa, na huwezi kuvitakasa. Vikombe vya plastiki vilivyokwaruzika ni hivyo hivyo.

Chupa za vipimo vya mafuta na uzito ziwe kavu, safi, zenye kifuniko cha kusokota kisichovuja. Chupa yenye matone ya maji ya kuoshea imeshatia maji kwenye maziwa ya mtu. Tone moja moja kwenye mililita 50 linaonekana dogo, lakini mililita moja ya maji iliyobaki chini ni asilimia 2, na asilimia 2 inatosha kuleta ugomvi. Chupa za kupima bakteria ni nyingine kabisa: zimetakaswa kwa mvuke wa nyuzi 121 kwa dakika 15, au kwa joto kavu la nyuzi 160 hadi 170 kwa saa mbili kama ni za kioo, na hazifunguliwi mpaka wakati wa kumimina.

Kipimajoto kisiwe cha kioo chenye zebaki. Kikivunjika ndani ya keni, maziwa yote ni ya kumwaga.

Kutakasa upawa na kichanganyio kwa kazi ya kila siku: osha kwa sabuni na maji moto, suuza, kisha tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa dakika 5. Ukitumia klorini, dawa ya kufulia nguo nyeupe yenye nguvu ya asilimia 3.5 inatosha mililita 6 kwa lita moja ya maji, hapo unapata kama miligramu 200 kwa lita. Viache humo dakika 2 au zaidi, kisha vining'inize vichuruzike mpaka vikauke. Klorini inayobaki kwenye upawa huua bakteria ndani ya sampuli, na maziwa machafu yakasomeka masafi. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote, kwani hakuna atakayelilalamikia.

Mlangoni mwa kituo

Andika lebo kabla ya kuchota. Chupa ikishalowa, wino haushiki na karatasi haigandi. Lebo ibandikwe kwenye mwili wa chupa, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana vikiwa vimewekwa pamoja. Namba ya mfugaji, tarehe, saa, lita alizoleta na joto la maziwa vinatosha.

1. Fungua chombo na unuse papo hapo, kabla harufu haijapotea. Uchachu, harufu ya samadi, ya mafuta ya taa au ya dawa hutambulika wakati huo. Angalia rangi, damu, nywele, na chembe za siagi.

2. Pima joto. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa ni nyuzi 35 hadi 37. Ya jana jioni yaliyokaa bila kupozwa yatakuwa karibu na joto la hewa. Namba hii inakwambia mengi juu ya muda wa maziwa hata kabla mwenyewe hajasema.

3. Changanya. Shusha kichanganyio mpaka kigonge kitako cha keni, kipandishe mpaka karibu na uso wa maziwa, shusha tena. Mara 10 kamili kwa keni ya lita 20 hadi 50. Kisipasue uso wa maziwa kwa nguvu, kwani kitatia hewa na povu, na povu hubeba mafuta na kuharibu ujazo. Kuzungusha kama anayekoroga uji hakusaidii: maziwa yanazunguka, malai yanazunguka nayo huko huko juu. Kinachotakiwa ni kwenda juu na chini.

4. Kama kuna sampuli ya bakteria, ndiyo ya kwanza, kwa kifaa kilichotakaswa. Baada yake ndiyo nyingine.

5. Kwa sampuli ya mafuta na uzito, chovya upawa na urudishe maziwa mara mbili ndani ya keni ile ile, ili maji au maziwa ya mtu aliyetangulia yasibaki kwenye upawa. Ya tatu ndiyo ya chupa.

6. Chota katikati ya kina na umimine mara moja. Kati ya kuchanganya na kuchota pasipite hata dakika. Mchangano wa maziwa haudumu, na anayechanganya kisha akaenda kuandika daftari arudie upya.

7. Acha nafasi ndogo juu ya chupa. Ikijaa pomoni hutaweza kuichanganya maabara. Ikiwa nusu, maziwa yatapigapiga njiani na kutoa siagi. Kwa mafuta jaza karibu ijae, ubakishe kama sentimita moja. Kwa bakteria jaza robo tatu.

Wakati wa foleni ya saa moja asubuhi, hatua ya tatu ndiyo ya kwanza kurukwa. Watu wamesimama na baskeli zao, jua linapanda, kila mtu anataka aende shambani. Bora mpokeaji aseme waziwazi, "Mzee wangu, niwie radhi, nayachanganya kwanza yasije yakakupunja," kuliko kuchota haraka kwa ajili ya heshima. Kuchanganya mara 10 hakuzidi nusu dakika.

Dumu la plastiki

Maziwa mengi ya visiwani hufika ndani ya madumu ya lita 5, 10 au 20 yaliyofungwa nyuma ya baskeli au vespa. Mdomo ni mwembamba, kichanganyio hakiingii. Watu hulitikisa. Kulitikisa dumu lililojaa hakuchanganyi vizuri, na lililo nusu hutoa povu jingi. Njia ya kuaminika ni kumimina maziwa yote kupitia chujio ndani ya ndoo ya chuma yenye mdomo mpana, kisha kuchanganya humo kama keni. Huna kichanganyio? Mimina kutoka ndoo moja hadi nyingine mara 3 au 4, taratibu, ukiufuatisha ukuta wa ndoo.

Baada ya kumimina, tazama ndani ya dumu kwa tochi. Kwenye mpini wake wenye uwazi na kwenye pembe hubaki malai yaliyoganda. Kama yapo, rudisha kikombe cha maziwa yale yale ndani ya dumu, suuza, mimina tena kwenye ndoo, ndipo uchanganye. Mafuta yaliyobaki dumuni ni ya mfugaji.

Akileta madumu mawili au matatu, usichukue sampuli ya moja ukasema yote ni sawa. Huenda moja ni la asubuhi na jingine ni la jana. Kwanza nusa na upime kila dumu peke yake, ili bovu lisiharibu zima. Yakishapita, yamimine kwenye chombo kimoja, changanya, chota.

Siagi iliyojitoa njiani

Dumu lisilojaa, maziwa ya nyuzi 25 hivi, na njia ya mashimo ni mashine kamili ya kutengeneza siagi. Ukifungua ukakuta chembe za manjano zinaelea, elewa kwamba kuchanganya kwa kichanganyio hakutazirudisha. Chembe moja ikiingia kwenye chupa, mafuta yatasomeka mengi mno. Zisipoingia, yatasomeka machache mno.

Sampuli ya mafuta kwa maziwa hayo haifai, na ni haki kumwambia mfugaji hivyo na kuandika daftarini "siagi imejitoa". Mkato uliopo ni kutumia wastani wake wa siku zilizopita kwa ajili ya malipo ya siku hiyo. Kinga yake ni nyepesi: dumu lijae mpaka shingoni, maziwa yapozwe kabla ya safari, na likifungwa kwenye baskeli liwekewe gunia bichi juu yake.

Sampuli ya bakteria

Mikono ioshwe, ifutwe kwa spiriti ya asilimia 70. Upawa utoke kwenye mfuko wake uliotakaswa. Ukitumia spiriti na moto, subiri upawa upoe, kwani chuma cha moto kinaua bakteria unaokuja kuwahesabu. Fungua kifuniko na ukishike kwa kidole kidogo, uso wa ndani ukiangalia chini. Usikiweke mezani. Chupa isishikwe juu ya keni iliyo wazi, maana kilicho chini ya chupa kitadondokea kwenye maziwa. Mimina bila upawa kugusa mdomo wa chupa, funga, weka kwenye barafu papo hapo.

Humo hakutiwi dawa ya kuhifadhi, na hapo ndipo barafu inapokuwa jambo la lazima. Katika joto letu la nyuzi 28 hadi 33, bakteria wengi wa maziwa huongezeka maradufu kila nusu saa, wengine upesi zaidi. Chupa iliyokaa saa mbili juu ya meza inaweza kuwa na bakteria mara 16 ya ilivyochotwa. Mfugaji msafi atasomeka mchafu kwa kosa la mpokeaji. Sampuli ikae kati ya nyuzi 0 na 4, na upimaji uanze ndani ya saa 24.

Isigande lakini. Maziwa yakiganda, vitone vya mafuta hupasuka na kushikamana, protini hubadilika, na yakiyeyuka hayarudi kuwa yale yale. Friza si mahali pa sampuli, hata kama ndiyo nafasi pekee iliyo wazi.

Tanki la kupozea

Tanki lina mkono wake wa kukoroga. Kabla ya kuchota, uwashe kwa dakika 5 kwa tanki dogo, 10 au zaidi kwa tanki linalopita lita 4,000. Hizi ni za kuanzia. Kila tanki lijaribiwe mara moja: baada ya muda huo chota juu, chota na chini, pima mafuta ya zote mbili. Zikitofautiana zaidi ya asilimia 0.1, ongeza dakika ujaribu tena, na muda utakaopatikana uandikwe kwa rangi ukutani karibu na swichi.

Tanki likiwa na maziwa machache, bapa la mkono halizami vizuri. Linapiga uso tu, linatia hewa na kutoa siagi. Usichukue sampuli mpaka bapa limezama. Umeme ukikatika saa nyingi, ukirudi usiamini dakika 5: malai yamekuwa mazito na baridi, na yatahitaji muda mara mbili au tatu. Chungulia kwa tochi kama kuna vipande vinavyoelea kabla hujachota.

Chota kwa upawa mrefu kupitia mlango wa juu, mkono ukiwa bado unakoroga. Bomba la kutolea maziwa chini halifai. Maziwa yaliyomo ndani ya shingo ya bomba hayakorogwi, yamekaa hapo tangu tanki lianze kujazwa, na mara nyingi yana joto kuliko mengine. Ikibidi kulitumia, fungulia lita kadhaa kwenye ndoo safi, zirudishe juu, kisha kinga.

Sampuli ya wiki kwa malipo

Kupima mafuta ya kila mfugaji kila siku ni gharama, ndiyo maana vituo hukusanya kidogo kidogo kwenye chupa moja kwa wiki. Sharti ni moja: kiasi kinachoingia chupani kifuate lita alizoleta. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, mililita 2 kwa kila lita.

Tuseme mfugaji ameleta lita 6 asubuhi zenye mafuta asilimia 3.6, na lita 3 jioni zenye asilimia 4.8. Ukitia mililita 12 za asubuhi na 6 za jioni, chupa itasoma 4.0, na ndiyo kweli yenyewe. Ukitia upawa mmoja asubuhi na mmoja jioni, itasoma 4.2. Kwa lita hizo 9, tofauti hiyo ni gramu 18 hivi za mafuta kwa siku, zaidi ya nusu kilo kwa mwezi, zinazolipwa na hazipo. Zidisha kwa wafugaji mia.

Chupa hii inahitaji dawa ya kuhifadhi: kidonge cha bronopoli kwa kipimo cha mtengenezaji, kiwemo chupani kabla ya maziwa ya kwanza. Dikromati ya potasiamu nayo hutumika, lakini ni sumu kali, na ikizidi huzuia asidi kuyeyusha maziwa vizuri kwenye kipimo cha Gerber, yaani kile cha kupima mafuta kwa asidi. Formalini usiiguse: hukaza protini, asidi ikashindwa kuiyeyusha, ukasoma mafuta yasiyo sahihi. Kila unapoongeza maziwa, pindua chupa taratibu mara chache ili dawa ienee na malai yasigande shingoni. Weka friji, mbali na mwanga.

Sampuli ya wiki ni ya mafuta na protini tu. Haipimwi bakteria, haipimwi uchachu, na usiitie laktomita (kifaa kinachoelea cha kupima uzito wa maziwa), maana dawa iliyomo inabadilisha uzito.

Laktomita na hatari ya kumzushia mtu

Hapa ndipo heshima za watu zinapopotea bure. Laktomita nyingi zimewekewa alama kwa nyuzi 20. Soma maandishi ya shingoni, kwani zipo za nyuzi 15. Maziwa ya moto ni mepesi, kwa hiyo husomeka kana kwamba yametiwa maji. Kwa kila nyuzi moja juu ya 20 ongeza 0.2 kwenye namba uliyosoma. Kwa kila nyuzi chini yake punguza 0.2. Maziwa ya nyuzi 25 yakisoma 27.5, ongeza 1.0, unapata 28.5, yaani uzito wa gramu 1.0285 kwa mililita, na hayo ni maziwa mazima. Bila hesabu hiyo mtu ameshaitwa mtia maji mbele ya foleni.

Hesabu hii inaaminika karibu na nyuzi 20. Maziwa ya nyuzi 32 usiyahesabie, yapoze. Tia jagi la sampuli kwenye beseni la maji na vipande vya barafu, koroga polepole mpaka yafike karibu na 20. Maziwa yaliyotoka kukamuliwa yana hewa nyingi, yasubiri nusu saa au zaidi. Yaliyotoka kwenye friji yapashe hadi nyuzi 40 kwa dakika 5 ili mafuta yayeyuke na kuenea, kisha yapoze hadi 20.

Mimina kwenye silinda ukiinamisha ili povu lisitokee, iache laktomita ielee bila kugusa ukuta, na usome macho yakiwa sawa na uso wa maziwa. Maziwa ya ng'ombe mazima kwa kawaida huwa kati ya 1.028 na 1.032. Ukipata chini ya hapo usitoe hukumu kwa laktomita peke yake: malai mengi nayo hushusha namba. Chukua sampuli ya pili, pima na mafuta. Maji hushusha mafuta na uzito kwa pamoja.

Kabla ya kipimo cha Gerber

Sampuli iliyochotwa vizuri inaweza kuharibiwa kwenye meza ya maabara. Ipashe kwenye maji ya nyuzi 40, pindua chupa taratibu mara 6 au zaidi mpaka malai ya shingoni yaachie, kisha ipoze hadi 20 na uvute kwa pipeti (mrija wa kupimia ujazo) hapo hapo, bila kusubiri. Anayevuta kutoka kwenye chupa baridi iliyotulia anapima maziwa ya katikati ya chupa tu.

Mpangilio ndani ya butiromita (chupa ya Gerber yenye shingo ya alama za kusomea mafuta) ni mililita 10 za asidi ya salfuriki kwanza, kisha maziwa kwa pipeti yake maalumu, yakiteremka ukutani yasichanganyike ghafla, halafu mililita 1 ya amili alkoholi. Asidi hiyo huchoma ngozi na macho. Miwani na glavu zivaliwe, na chupa ishikwe kwa kitambaa inapotikiswa, kwani hupata moto mkali. Baada ya kuzungushwa, iwekwe kwenye maji ya nyuzi 65 kwa dakika 5 kabla ya kusoma.

Maziwa yaliyopashwa na mtindi

Upawa wa maziwa mabichi usisogee upande wa maziwa yaliyopashwa moto. Kipimo cha fosfatasi kinaonesha kama upashaji ulitimia, nacho ni chepesi kiasi kwamba sehemu 2 tu za maziwa mabichi katika 1,000 huonekana. Matone machache kutoka kwenye upawa wa mapokezi yanatosha kuwafanya mzime mashine siku nzima mkitafuta kasoro isiyokuwapo. Wekeni vifaa vya rangi tofauti au vyenye alama kwenye mpini.

Kwenye bomba la sampuli, futa kwa spiriti ya asilimia 70, choma kwa moto kama ni la chuma, acha maziwa ya kwanza yamwagike, kisha kinga. Pakiti chukueni za mwanzo, za katikati na za mwisho wa kazi, na zipimwe mbalimbali. Za mwanzo na za mwisho ndizo zinazobeba maji yaliyokuwa kwenye mabomba. Ukizichanganya zote, maji hayo yanafichika kwenye wastani.

Mtindi ulioganda haupimwi kwa kuchota juu. Maji ya mtindi yamejitenga, na mafuta yamekaa kwenye utando. Koroga pakiti au ndoo yote taratibu mpaka iwe laini, ndipo uchote. Kwa kuvu na hamira, chota kabla mkono wowote haujaingia.

Safari na mabishano

Boksi la barafu lipangwe chupa zikiwa wima, kwenye kikapu cha ndani, maji ya barafu yasifike shingoni. Yakizidi, barafu inapoyeyuka maji huingia kupitia kifuniko, na sampuli imetiwa maji na kituo chenyewe. Weka chupa moja ya ziada yenye maziwa, isiyo ya mtu, kwa ajili ya kutia kipimajoto inapofika. Sampuli za Pemba zinazopanda boti bandari ya Mkoani kwenda Unguja zihesabiwe muda kutoka kuchotwa, si kutoka boti kung'oa nanga, na boksi lisikae juani gatini likisubiri kupakiwa. Ikisomeka zaidi ya nyuzi 7 upande wa pili, vipimo vya bakteria visifanywe. Vya mafuta vyaweza kuendelea kama dawa ilitiwa.

Mfugaji akikataa majibu, usibishane juu ya chupa iliyokwisha. Siku ya pili chukua sampuli yeye akiwapo, uchanganye akiona, ujaze chupa tatu kutoka kwenye upawa wa mchanganyiko ule ule: moja ya kituo, moja yake, moja ya akiba, zote zimezibwa kwa karatasi yenye sahihi za wawili. Ya akiba itiwe dawa na ikae friji mpaka malipo ya wiki hiyo yakamilike. Baada ya hapo maziwa yenye dawa yamwagwe shimoni, mbali na kisima, na asipewe ndama wala paka.